Pole ya Mwalimu

Katika hadithi zetu sisi vijana tunaojifunza kuandika, mwalimu huja kwa sura mbili tu. Ama ni mtakatifu mwenye vumbi la chaki na viatu vilivyoisha kisigino, ama ni zimwi la fimbo. Mimi mwenyewe nimeandika sura zote mbili, nikasomea washikaji, wakapiga makofi. Nilikuwa nazuga. Nimelelewa na mwalimu, na kwa miaka kadhaa nimelala naye chumba kimoja pale Mbagala, na huyo niliyemwona si mtakatifu wala zimwi.

Historia ya elimu yetu imeandikwa kwa hesabu. Fungua taarifa yoyote ya mpango wowote utakuta madarasa mangapi, madawati mangapi, matundu ya vyoo mangapi, watoto wangapi wameandikishwa. Ni hesabu nzuri, sizikejeli, maana bila hizo mimi nisingeketi dawatini. Lakini sijaona bado safu inayohesabu mzigo uliomwangukia mtu mmoja aliyesimama mbele ya ubao kila hesabu hizo zilipopanda. Safu hiyo nitajaribu kuiandika kwa maisha ya Mama, kwa kuwa ndiyo ninayoyajua.

Mama ni Mzaramo wa Kisarawe. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, na mwaka uliofuata akawa mwalimu. Usishangae. Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba watoto wote wa umri wa shule waingie darasani ifikapo 1977, badala ya kungoja 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Uamuzi mkubwa, wa kishujaa ukipenda, ila walimu hawakuwapo. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza la saba, wakapewa madarasa vijijini kwao, huku wakijifunza ualimu papo hapo: masomo ya posta, vipindi vya redio, mratibu wa elimu anapita kuwaangalia, kisha wiki chache chuoni. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 zaidi ya vijana 30,000 walikuwa wamepitia mpango huo. Mtaani wakaitwa walimu wa UPE, na wenye ndimi kali wakazigeuza herufi zile tatu zikawa "Ualimu Pasipo Elimu".

Mama alikuwa na miaka kumi na saba. Katika darasa lake la kwanza alikuwamo mdogo wake wa tumbo moja, na nyuma kabisa waliketi wavulana waliokaribia kumpita kimo. Wiki ya kwanza, anasema, kila mapumziko alikwenda nyuma ya mkorosho akalia, akajifuta kwa ncha ya kanga, akarudi kufundisha kuzidisha. Mratibu akaja na baiskeli yake. Akakagua azimio la kazi, akakagua andalio la somo, akasaini, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Fomu yake haikuwa na nafasi ya kuuliza jingine.

Hapo naomba nikatize kidogo. Si mbali na kwao Mama, pale Pugu, alifundisha mtu ambaye nchi nzima ilimwita Mwalimu mpaka akafa. Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 akaenda kufundisha Mtakatifu Fransisi, na TANU ilipozaliwa mwaka 1954 akawa na kazi mbili na roho moja. Wazee husimulia alivyokuwa akikata njia kwa miguu kati ya Pugu na mjini kwa ajili ya mikutano. Mwaka 1955 wakubwa wa shule wakamtaka achague, naye akaacha kazi. Tumelisoma tukio hilo kama ukurasa wa uhuru, na ni haki. Lakini lisome tena kama ukurasa wa ualimu: kijana wa miaka thelathini na ushee, ana mke na mtoto mchanga, anaandika barua ya kuacha mshahara. Usiku ule alizungumza na nani? Kama huyo hatumwulizi, basi mwalimu wa UPE wa Kisarawe ataulizwa na nani?

Turudi. Miaka ya 1980 mshahara wa serikali ulikuwa kama barafu juani. Mama, wakati huo ameolewa na kuhamia Dar, alifundisha asubuhi, jioni akakaanga maandazi, na usiku akasahihisha madaftari yaliyonuka mafuta. Aili Mari Tripp, mtafiti aliyekaa na watu wa Manzese na Buguruni, amelieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1997: wenye mishahara wa Dar waliishi kwa miradi. Walimu wa shule ya Mama walikuwa na upatu wao. Kila mwisho wa mwezi mmoja anapokea, wengine wanangoja zamu. Utaniambia upatu ni mambo ya fedha. Sikubali. Zamu ya kupokea iliweza kurukwa kwa ajili ya mwenye msiba au mwenye mgonjwa, na ili jambo hilo liwezekane ilibidi mtu aseme shida yake mbele ya wenzake. Ofisi ya walimu ilikuwa mahali pekee ambapo mwalimu aliruhusiwa kusema, "Jamani, mwenzenu nimeshindwa."

Kisha yakaja mafuriko. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, MMEM ikaanza 2002, na watoto walioandikishwa nchini wakapanda kutoka milioni 4 na kitu mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Kwa sekondari wakachukuliwa vijana waliotoka kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache na kutumwa makazini. Mtaa ukawaita "voda fasta". Mama alicheka sana aliposikia jina hilo. Alisema, "Hao ni wajukuu zangu."

Mbagala nayo ilikuwa imekwisha kufurika. Mashamba ya mikorosho yakawa viwanja, viwanja vikawa vyumba vya kupanga, na kila chumba kilitoa watoto. Mwaka 2009 Mama alikuwa na watoto mia na ishirini katika darasa la sita. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nyumbani nilimwita Mama, shuleni nilimwita Mwalimu, na nikikosea nilichekwa na dunia nzima.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Jumatano, tarehe 29 Aprili 2009, kabla ya adhuhuri, ghala la silaha la jeshi pale Mbagala Kuu lililipuka. Aliyekuwepo hahitaji kuelezwa, na asiyekuwepo sijui nimweleze vipi. Kwanza ardhi ilisukuma miguu, ndipo sauti ikafika. Vipande vya chuma vilipita juu vikipiga mluzi. Watu zaidi ya ishirini walikufa, nyumba nyingi zilibomoka na kupasuka, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao hata Msalaba Mwekundu ukaingia kazini kuwaunganisha. Darasani kwetu Mama alisema neno moja, "Chini!", kisha la pili, "Shikaneni mikono!" Akatutoa kwa mstari mpaka barabarani, na pale mstari ukakatika maana barabara yote ilikuwa watu wanaokimbia. Alibaki na watoto kumi na watatu. Alitembea nao mpaka jioni akiwafikisha makwao mmoja mmoja, wengine kwenye nyumba zilizokuwa hazina mtu. Mimi nilikuwa wa kumi na nne, lakini mwenyewe hakunihesabu.

Shule ilipofunguliwa tena tulihesabiwa. Wakaja watu wakapima nyufa za kuta. Wakaandika vioo vilivyovunjika. Kwa watoto alikuja mtu siku moja akatuchezesha mduara uwanjani, jambo la maana, nalikumbuka kwa shukrani. Walimu walisimama barazani wakitutazama tunavyocheza. Mduara wao haukuwapo.

Mama alianza kulala na khanga kichwani, imefungwa hadi masikioni. Mlango ukijipiga kwa upepo alisimama wima. Hakusema kitu, nami sikuuliza. Mtoto wa uswazi hamwulizi mama yake kama anaogopa.

Ilikuwa Juni. Kipindi cha Hisabati baada ya mapumziko. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, mcheshi wa darasa, alikuwa amemaliza barafu yake akaupuliza ule mfuko wa nailoni, akaubana, akaupasua kwa kiganja. Paa!

Nilipogeuka mbele Mama hakuwepo. Alikuwa chini ya meza, magoti kifuani, mikono kichwani. Pakawa kimya kwa muda wa kupepesa jicho, kisha darasa likacheka. Watoto mia na ishirini walicheka, na mimi nilicheka. Naliandika hili kwa sababu nimeona tunapenda kuandika aibu za wengine.

Mama alitoka chini ya meza na uso nisioujua. Alikuwa mwalimu wa miaka thelathini na mitatu na sifa yake ilikuwa kwamba fimbo yake ni ya kuonyesha ubaoni. Alimpiga yule kijana mgongoni, mikononi, popote. Sheria ya viboko tunayo: kanuni za 1979 zilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2002 ziliweka visizidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, viandikwe kwenye kitabu. Vile havikuandikwa. Sikuvihesabu, ila vinne vilipita mapema sana.

Aliyeusimamisha mkono wake alikuwa mwalimu wa Sayansi wa darasa la jirani. Mnyamwezi, mzee wa makamo, shati limechomekewa daima. Hakupiga kelele. Alichukua fimbo kama mtu anayepokea kikombe, akamwambia yule kijana, "Nenda kanawe uso, baba," akatuandikia swali refu ubaoni, akamtoa Mama. Mimi nilinyata mpaka dirisha la ofisi.

Msomaji wa bara na msomaji wa pwani mnajua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo. Ulianza zamani za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakishusha mizigo pwani, na mpaka leo mtani ana ruhusa asiyokuwa nayo hata ndugu wa damu. Msibani anaweza kulala mahali pa maiti. Anaweza kudai sanda. Basi nilimsikia mwalimu wa Sayansi akisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sasa wewe Mzaramo, umekufa au hujafa? Kama umekufa sema mapema niende Kariakoo kwenye sanda, maana zikipanda bei mimi sichangii."

Kimya.

"Tangu Aprili natazama. Unatembea, lakini ni maiti. Wazaramo mmekuwa wavivu hata wa kufa?"

Mama akacheka. Kicheko kilianza kidogo, kikakua, kikageuka kilio, na kilio kile kilikuwa cha tangu Aprili. Pengine cha tangu nyuma ya mkorosho mwaka 1976. Walimu wengine waliokuwamo hawakutoka. Mmoja alifunga mlango, mwingine akawasha jiko la mchina kwa ajili ya chai. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kusema nao. Mwalimu wa Kiswahili tangu siku ile hapandi daladala inayopita Mbagala Kuu. Mwalimu wa darasa la pili anamwota mtoto aliyemponyoka mkono, ingawa mtoto huyo yuko hai na yuko darasani kwake kila siku. Kumbe wote walikuwa chini ya meza, ila meza zao hazikuonekana.

Jioni Mama alinichukua tukaenda kwa yule kijana. Aliishi na bibi yake nyuma ya soko. Mama alipiga hodi, akaamkia, "Shikamoo, bibi," akapiga magoti mkekani, mwalimu mzima, mbele ya watoto wa majirani, akaomba radhi. Akamwomba na kijana mwenyewe. Bibi hakufanya haraka kujibu. Alisema mgongo wa mtoto umevimba, na kwamba yeye hakumpeleka mjukuu wake shule akauawe. Mama akasema, "Ni kweli." Mwisho bibi akasogea mkekani, akampa nafasi ya kukaa. Ndipo akatuambia kwamba tangu mabomu yule mjukuu halali kitandani, analala uvunguni, na mchana kutwa anapasuapasua vitu ili asikie mlio ukitoka mkononi mwake mwenyewe.

Nimelifikiri jambo hilo kwa miaka mingi. Watu wawili walikuwa na jeraha moja, kila mmoja analificha kwa namna yake, na kati yao kulikuwa na fimbo.

Gongo la Mboto ililipuka 16 Februari 2011, usiku. Watu kwa maelfu walikimbilia Uwanja wa Uhuru, na zaidi ya ishirini walikufa. Safari hii walimu wa shule yetu hawakungoja mtu. Kesho yake mwalimu wa Sayansi alifika saa kumi na mbili asubuhi, akawapokea wenzake mlangoni mmoja mmoja kwa matusi ya utani, Mzaramo na asiye Mzaramo. Mwaka uliofuata Chama cha Walimu, kilichosajiliwa 1993, kiliitisha mgomo Jumatatu tarehe 30 Julai, na Alhamisi tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikausimamisha. Madai yalikuwa mshahara na posho, na kwa haki kabisa. Mama aligoma siku zote hizo akiwa amekaa ofisini anasuka ukili. Nilimwuliza kama kuna dai lolote la moyo. Akasema, "Hilo uliandike wewe."

Siku hizi jambo lenyewe lina jina: stadi za kijamii na kihisia, na ustawi wa walimu. Lina semina na mabango. Tangu 2020 mradi uitwao ALiVE umefanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda, ukapita nyumba kwa nyumba kupima vijana wa miaka 13 hadi 17 katika kujitambua, kushirikiana, kutatua matatizo na heshima. Ni kazi safi. Lakini nilipoisoma nilijiuliza anayetegemewa kumfundisha kijana kujitambua yeye anapimwa lini, na akionekana amechoka anapewa nini.

Jibu la karibu nimelikuta Temeke hapahapa. Chang'ombe, mahali palipokuwa na chuo cha ualimu, tangu 2005 pana DUCE, chuo kikuu kishiriki cha elimu. Mhadhiri wake mmoja, Mabula Nkuba, na wenzake walichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio katika shule 8 za sekondari za serikali. Walimu wa baadhi ya shule hizo walipata mafunzo ya siku zisizofika sita. Walijadili namna ya kumwongoza mtoto bila kumpiga na namna ya kumtambua mtoto aliyelemewa. Vilevile walirudishwa kwenye adhabu walizopewa wao wenyewe utotoni, wakaambiwa wazikumbuke. Miezi michache baadaye kipigo kilikuwa kimepungua zaidi katika shule zilizofunzwa kuliko katika zile ambazo hazikufunzwa; wakasema hivyo walimu, na wakasema hivyo wanafunzi pia. Nilipomsimulia Mama sehemu ya kukumbuka utoto alinyamaza, kisha akaniambia habari ya mwalimu wake wa darasa la tatu na mti wa mkwaju. Miaka yote hiyo sikuwahi kuijua.

Sitaki kusema utani unatosha. Shule nyingine haina Mnyamwezi na Mzaramo, au inao lakini ofisi yenyewe ni kijichumba wanamopishana kwa zamu, wa asubuhi wakitoka wa mchana wakiingia, hakuna anayejua mwenzake kaamkaje. Zamu mbili ziliokoa watoto wengi kukosa shule. Zilivunja pia chai ya saa nne, na sikumbuki kama kuna kikao kilichowahi kuijadili hasara hiyo.

Mama alistaafu mwaka 2019, miaka sitini kamili, akapewa blanketi, saa ya ukutani na hotuba. Yule kijana wa mfuko wa barafu ni fundi magari, na akipita kwetu humwamkia kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara ili asije akamshtua. Mwalimu wa Sayansi alirudi kwao Tabora.

Kila tarehe 31 Desemba, Mbagala hulipua fataki na baruti kuanzia saa sita kamili usiku. Saa tano na nusu simu ya Mama huita. Huiweka kwenye sauti kubwa, akaiegemeza kwenye birika.

"We Mzaramo, hujafa tu?"

"Mpagazi mkubwa wewe. Mizigo umeishusha wapi?"

"Nimekuja kudai sanda yangu ya mwaka 2009."

Wanatukanana hivyo mpaka baruti zinaanza, na zinapoanza wanapandisha sauti.